Ven pongal imeharibikia wapi? Dalili, sababu na marekebisho

Ven pongal ni chakula cha asubuhi cha Tamil Nadu, kusini mwa India: mchele na choroko za kupaaza zilizotolewa maganda, vikapikwa pamoja mpaka vivurugike, kisha vikamiminiwa samli iliyokaangiwa pilipili manga, jira, tangawizi, majani ya mchuzi na korosho. Haina kitunguu, haina kitunguu saumu, haina pilipili kali. Hupikwa mahekaluni na kugawiwa waumini, hasa katika mwezi wa Margazhi unaoanza katikati ya Desemba, na mahotelini hupatikana mwaka mzima. Anayeujua mseto wa choroko wa pwani yetu atauona undugu mara moja, ila nazi haiingii kwenye chungu hiki, na viungo havichemshwi na nafaka.

Karibu kila pongal inayoharibika huharibika kwa sababu mpishi ameipika kama wali. Ametaka punje zisimame, maji yakauke, na moto uzimwe punje inapoiva. Hapa mambo ni kinyume. Pongal huiva pale ambapo wali ungehesabiwa umebokoka, na bado inahitaji kubaki na maji ndani yake inapotoka jikoni.

Kipimo cha kuanzia

Marekebisho yote yaliyo hapa chini yanarejea kipimo hiki cha watu 4, kwa kikombe cha mililita 240:

- mchele wa kawaida kikombe 1 (kama gramu 200)
- choroko za kupaaza, za manjano, nusu kikombe (kama gramu 100)
- maji vikombe 5 kwa sufuria ya presha, vikombe 7 kwa sufuria ya kawaida
- chumvi kijiko cha chai 1 na robo
- samli vijiko vikubwa 4
- pilipili manga kijiko cha chai 1 na nusu
- jira (bizari nyembamba) kijiko cha chai 1 na nusu
- tangawizi iliyokatwakatwa ndogo, kijiko kikubwa 1
- korosho 12 hadi 15, majani ya mchuzi vikonyo 2, mvuje wa unga robo kijiko cha chai

Kaanga choroko kavu, bila mafuta, kwa moto mdogo dakika 3 hadi 4, mpaka harufu itoke na punje chache zianze kugeuka rangi ya dhahabu. Zioshe pamoja na mchele. Tia kwenye sufuria ya presha na maji, chumvi na kijiko cha chai kimoja cha samli. Filimbi ya kwanza ikilia, punguza moto na acha dakika 12. Zima, subiri presha ishuke yenyewe, fungua, ponda kwa mgongo wa upawa, kisha mimina viungo vilivyokaangwa kwenye samli. Kwa sufuria ya kawaida, chemsha choroko peke yake dakika 10, ndipo uongeze mchele, na uhesabu dakika 40 hadi 50 kwa moto mdogo ukikoroga mara kwa mara.

Anza kwa kubonyeza punje

Kabla ya kuongeza chochote, chota kidogo, kipoe, kisha bonyeza punje moja ya mchele na moja ya choroko kati ya vidole viwili. Zote mbili zina kiini kigumu? Tatizo ni maji au muda. Mchele umepondeka lakini choroko inakataa? Tatizo ni choroko au maji yenyewe. Choroko imekuwa uji na mchele bado umesimama? Umenunua mchele usiofaa. Zote zimepondeka lakini chakula hakipendezi? Basi tatizo liko kwenye kiasi cha maji, kwenye kukoroga au kwenye samli. Jaribio hili la sekunde kumi linaokoa maji na gesi nyingi, kwa sababu wengi huona pongal ngumu wakaongeza maji, kumbe kilichohitajika ni kingine kabisa.

Mchele umeiva lakini punje hazishikani

Hapa mkosaji ni mchele, na ndilo kosa linaloonekana zaidi kwa wanaopika pongal mbali na India, maana hutumia mchele bora walio nao nyumbani, nao mara nyingi ni wa biriani. Basmati ina wanga wa aina inayofanya punje zisimame kila moja kivyake. Sifa hiyo inayoupandisha bei sokoni ndiyo inayouharibu hapa. Unaweza kuupika saa nzima, utapata punje ndefu zilizovunjika zikiogelea katika choroko.

Tamil Nadu hutumia mchele wa punje fupi au za kati, kama Ponni unaolimwa bonde la mto Kaveri, au Sona Masuri kutoka Andhra Pradesh, Telangana na Karnataka. Kuna mtego katika Ponni: huuzwa wa aina mbili, wa kawaida na ule uliochemshwa na kukaushwa kabla ya kukobolewa. Huo wa pili ni wa idli (vitumbua vya mchele vya kupikwa kwa mvuke) na wa kula na mchuzi wa mchana, haufai kwa pongal. Utaujua kwa macho: punje zake zina umanjano na zinapenyeza mwanga kama kioo, na ukiziuma ni ngumu sana. Mchele wa kawaida ni mweupe na una ukungu kama chokaa. Kule kuchemshwa kabla kumeshaivisha wanga na kuufanya uwe imara, ndiyo maana hauvurugiki hata kwa filimbi 8.

Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat na huna Ponni, chukua chenga. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu chenga hudharauliwa: punje zilizovunjika hutoa wanga haraka, hupondeka bila shida, na bei yake ni ndogo. Hakikisha tu ni chenga za mchele wa kawaida, zimepepetwa vizuri, na hazina mawe. Muda upunguze kutoka dakika 12 hadi 9.

Ikiwa umeshapika na mchele usiofaa, ongeza kikombe 1 cha maji yanayochemka, ponda kwa nguvu kwa mwiko, rudisha presha kwa dakika 6. Haitakuwa pongal nzuri, lakini italika.

Umri wa mchele nao una neno. Mchele wa msimu huu unakunywa maji kidogo na hunata upesi. Uliokaa ghalani mwaka mmoja au zaidi unakunywa mengi. Sikukuu ya Pongal huangukia katikati ya Januari, mwanzoni mwa mwezi wa Thai, wakati wa mavuno, na desturi ni kupika mchele mpya. Ukipika mchele mpya kabisa, anza na vikombe 4 na nusu badala ya 5.

Choroko haipondeki

Choroko za kupaaza zikiwa nzuri huiva kabla ya mchele. Zikikataa, sababu huwa moja kati ya hizi nne.

Ya kwanza ni uzee. Jamii ya kunde ikihifadhiwa miezi mingi mahali penye joto na unyevu hubadilika ndani, ukuta wa chembe zake ukawa hauachii hata ukichemshwa sana. Kuloweka kunasaidia kidogo tu. Angalia rangi dukani: manjano angavu ni nzuri, manjano iliyofifia kuelekea kahawia ina miaka yake. Ukishazinunua za hivyo, ziloweke saa 1 katika maji ya moto baada ya kuzikaanga, na uzipike peke yake kwa presha dakika 8 kabla ya kuongeza mchele.

Ya pili ni kukaanga kupita kiasi. Choroko ikigeuka kahawia yote haitapondeka sawasawa tena, na inaleta uchungu. Harufu ndiyo saa yako. Inapokujia puani, ondoa kikaango motoni na umwage choroko kwenye sahani, kwa maana kikaango chenye joto kinaendelea kuzikaanga hata jiko likiwa limezimwa.

Ya tatu ni maji. Maji magumu ya kisima, yale yanayoacha utando mweupe kwenye birika, yana kalisi na magnesi zinazokaza ukuta wa kunde. Sabuni isipotoa povu vizuri kwa maji hayo, pikia maji mengine: ya mvua, ya kuchujwa au ya chupa. Wapo wanaotia magadi kidogo. Ni kweli yanalainisha, lakini yanaigeuza pongal kuwa telezi, yanaleta rangi ya kuchujuka na ladha ya sabuni inayozima samli. Katika chakula cha viungo vichache namna hii, tunashauri magadi yasitumike.

Ya nne ni mwinuko. Maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda juu, takriban digrii 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300. Ooty, kwenye milima ya Nilgiri, iko juu ya mita 2,200, na Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700. Kwa sufuria ya wazi huko, ongeza dakika 15 hadi 20 na kikombe kimoja cha maji ya moto. Kwa presha ongeza dakika 3 au 4.

Kwa wasiopata choroko za kupaaza dukani: loweka choroko nzima za kijani kwa saa 8, zisugue kati ya viganja ndani ya maji mengi, maganda yataelea, yamwage na maji yake, na urudie mpaka yaishe. Zianike zikauke kabisa ndipo uzikaange. Maganda yakibaki, pongal inakuwa na rangi ya kijani iliyofifia na inakwaruza ulimini.

Imekuwa gundi

Upawa ukiinuliwa, pongal inavutika, inashikana na meno, na ikitua kwenye sahani inabaki bonge. Hapa wanga umetoka mwingi kuliko maji na samli vilivyopo.

Angalia uwiano kwanza. Choroko nusu kwa mchele mmoja ndio mpaka wa kawaida. Theluthi moja pia ni sawa. Zipo familia zinazopika sawa kwa sawa, lakini kipimo hicho kinataka maji vikombe 7 kwa presha na samli zaidi, na ukikipika kwa maji vikombe 5 utapata kitu kizito kama ugali wa dengu. Pili, choroko isiyokaangwa inanata zaidi na inabaki na harufu ya ubichi. Tatu, kuna kukoroga: pongal hupondwa mara moja, ikiwa ya moto sana, kwa mikandamizo kumi au kumi na tano ya mgongo wa upawa, halafu inaachwa. Anayeendelea kuisonga kwa dakika kadhaa anaikamua wanga wote. Mashine ya kusagia isikaribie kabisa.

Kuirekebisha, chemsha kikombe 1 cha maji na chumvi kidogo, yamimine robo robo pembeni mwa sufuria, na geuza kutoka chini kwenda juu taratibu. Maliza kwa kijiko kikubwa cha samli. Samli huzunguka vipande vya wanga na kuvizuia visishikane. Ndiyo maana pongal ya samli kiduchu hunata hata maji yakiwa sawa.

Ilikuwa nzuri jikoni, mezani imekuwa jiwe

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na halitokani na mapishi mabaya. Wanga ulioiva ukianza kupoa hujipanga upya na kubana maji, na choroko nayo inaendelea kunywa. Pongal iliyo sawasawa sufuriani itakuwa nzito mno baada ya dakika 15. Kwa hiyo usiipime kwa ulivyoiona jikoni.

Kipimo chenyewe ni hiki: baada ya kuponda na kumimina samli, chota upawa mmoja na uinamishe juu ya sahani. Ikidondoka kwa uzito, ikatanuka polepole na kuacha ukingo wa mviringo bila maji kujitenga, ni ya kuliwa sasa hivi. Ikiwa italiwa baada ya nusu saa, iwe nyepesi zaidi ya hapo, itiririke kama uji mzito wa mchele. Wapishi wa hoteli wanaopika kwa kundi huweka birika la maji ya moto karibu na sufuria tangu alfajiri na huongeza kidogo kila wanapopakua.

Maji ya kuongeza lazima yawe yanachemka. Maji baridi hukaza wanga wa juu, ukabaki na madonge ndani ya maji meupe. Maziwa ya moto pia hutumika, nusu maji nusu maziwa, na huleta ulaini mzuri, lakini chakula kikiwa na maziwa hakikai muda mrefu, na kikirudishwa motoni hushika chini haraka.

Sufuria iwe nzito na ibaki imefunikwa. Sahani zikipashwa kwa maji ya moto kabla ya kupakua, utaona tofauti.

Maji yamejitenga juu

Ni nadra, na dawa yake ni rahisi. Punje hazijapasuka, au umefungua mapema. Washa moto mdogo bila mfuniko, koroga dakika 5 hadi 8. Ikiwa choroko imetuama chini na mchele uko juu, ponda. Usitie unga wa kuzidishia uzito.

Imeungua chini

Ukisikia harufu ya kuungua, usikoroge wala usikwangue. Pakua sehemu ya juu kwenye chombo kingine kwa utulivu, acha kiasi cha vidole viwili chini, na onja. Harufu ikiwa haijapanda, endelea kama kawaida. Ikiwa imepanda, hakuna kiungo cha kuificha, na mvuje mwingi utaongeza tatizo la pili.

Sababu huwa sufuria nyembamba ya alumini, moto mkubwa baada ya filimbi ya kwanza, au maji machache. Njia inayotegemeka zaidi kwa presha ni ya bakuli ndani ya sufuria: mimina vikombe 2 vya maji chini, weka kigoda cha chuma, kisha juu yake bakuli la chuma cha pua lenye mchele, choroko na maji vikombe 4 na nusu. Bakuli lisijae zaidi ya nusu. Hapo pongal haigusi moto kabisa, na muda uongeze hadi dakika 18.

Kwa presha ya umeme: dakika 12 kwa presha ya juu, kisha dakika 10 za kushuka yenyewe. Ikitoa onyo la kuungua kabla hata haijapanda presha, mara nyingi ni kwa sababu choroko zilikaangwa humo humo na unga wake umeganda chini. Mimina maji, kwangua chini kwa mwiko mpaka pawe safi, ndipo ufunge. Jiko la umeme la wali la kawaida halifai sana, kwa sababu hujizima pale chini panapokauka, na pongal haitakiwi kufika huko. Ukilazimika, tia maji vikombe 7 na nusu, acha mfuniko wazi kidogo, na ulizime mwenyewe.

Sufuria ya presha inatema povu

Choroko hutoa povu jingi, nalo hupanda mpaka kwenye tundu la filimbi. Likiziba tundu hilo, presha inapanda bila njia ya kutoka, kwa hiyo hili halipuuzwi. Usijaze sufuria zaidi ya nusu. Osha choroko mpaka maji yawe karibu maangavu. Tia kile kijiko cha chai cha samli tangu mwanzo, kwa sababu mafuta hupunguza povu. Punguza moto mara filimbi ya kwanza inapolia. Kabla ya kufunga, inua filimbi na uchungulie tundu kwenye mwanga: uone upande wa pili. Likiwa limeziba, choma kwa waya mwembamba na usuuze.

Maji yakitoka pembeni mwa mfuniko badala ya juu, angalia mpira. Ukikunjwa ukaonyesha nyufa, au umekuwa mgumu na kung'aa, nunua mwingine wa aina na kipimo kile kile. Mvuke unaovuja hapo unaondoka na maji yako, ukabaki na pongal kavu iliyoiva nusu, ukadhani umekosea kipimo.

Na kuhusu kuhesabu filimbi: sufuria mbili tofauti hupiga filimbi kwa mwendo tofauti, na zipo zisizopiga kabisa. Hesabu dakika.

Viungo vimeharibu kila kitu

Pongal ikiwa chungu au imegeuka kijivu, nafaka haina kosa. Kosa limetokea ndani ya dakika 2 za kukaanga viungo.

Samli iwe ya moto wa wastani, isitoe moshi. Korosho ziingie kwanza, zitolewe zikiwa na rangi ya dhahabu nyepesi, maana zinaendelea kuiva zikiwa nje. Kisha pilipili manga nzima, sekunde 30 hivi, mpaka zivimbe na moja au mbili zipasuke. Jira, sekunde 10. Tangawizi, sekunde 20. Punguza moto kabisa, tia majani ya mchuzi yaliyofutwa maji kwa kitambaa, funika kidogo yasikurukie, kisha mvuje, hesabu hadi tatu, na mimina yote juu ya pongal. Usiache viungo vikingoje kikaangoni. Jira iliyogeuka nyeusi imeshakuwa chungu. Mwaga na uanze upya, ni hasara ndogo kuliko sufuria nzima.

Rangi ya kijivu hutokana na pilipili iliyosagwa unga. Unga huo pia huungua upesi kwenye samli. Lakini pilipili nzima tupu nayo ina kasoro yake: watu huzitoa kwa vidole na kuzipanga ukingoni mwa sahani, na ukali wake unabaki humo. Fanya hivi: nusu ibaki nzima, nusu ipondwe kwenye kinu mapigo machache tu, kila punje ivunjike vipande vitatu au vinne. Ile iliyopondwa iingie pamoja na jira, si kabla. Pilipili manga mpya ya Muheza au ya Kerala inatosha kwa kipimo kilichotajwa. Iliyokaa mwaka kwenye kopo wazi itahitaji nyongeza, na harufu yake haitafika kamwe pale inapotakiwa.

Mvuje ukinuka vibaya mdomoni, haukuiva kwenye mafuta. Usiunyunyize juu ya chakula kilichokwisha kupikwa. Ule wa unga wa maduka ya Kihindi umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele, kwa hiyo asiyekula ngano asome kopo. Ule wa donge unaouzwa kwa wauza dawa za asili ni utomvu mtupu wenye nguvu mara nyingi zaidi: kipande kidogo kuliko punje ya choroko kinatosha sufuria hii, nacho kikaangwe mpaka kivimbe.

Samli ikitoa harufu ya uchachu au ya rangi ya nyumba, imeharibika, na joto litaizidisha. Ukikosa samli nzuri, siagi isiyo na chumvi iliyoyeyushwa mpaka maji yaishe inafaa zaidi kuliko majarini. Anayepunguza samli kwa afya anaweza kutumia nusu mafuta yasiyo na harufu kwa kukaangia, na kubakiza kijiko kimoja cha samli cha kumwagia mwishoni, kwani harufu ya mwisho ndiyo inayosikika.

Haina ladha

Kwa kawaida ni chumvi. Mchele na choroko vinameza chumvi nyingi, na iliyotiwa mwishoni inabaki juu. Tia wakati wa kupika. Ukigundua mwishoni, iyeyushe kwenye maji ya moto ndipo uchanganye. Tangawizi kavu ya unga haichukui nafasi ya mbichi. Manjano si lazima. Ncha ya kijiko inatosha kwa wanaopenda rangi, zaidi ya hapo ladha yake inapanda juu ya samli.

Chumvi ikizidi, kiazi hakitasaidia. Pika nusu kikombe cha chenga bila chumvi mpaka zivurugike, changanya, na uongeze samli kidogo.

Pia kumbuka pongal haikutengenezwa iliwe peke yake. Chatine ya nazi, sambar (mchuzi wa dengu na mboga) au gothsu (mchuzi mzito) ya biringanya iliyo na ukwaju ndiyo inayoleta uchachu na ukali. Ukali wa pilipili kali uwe kwenye chatine. Ukiuingiza kwenye pongal yenyewe utazima pilipili manga, na bila pilipili manga hakuna ven pongal.

Kiporo

Mchele uliopikwa ukikaa kwenye joto la chumba huzalisha bakteria aina ya Bacillus cereus, ambaye sumu yake haiondoki kwa kupasha moto. Pongal nzito hupoa polepole sana katikati, kwa hiyo isiachwe sufuriani. Itandaze kwenye chombo kipana, kina kisichozidi vidole viwili, na iingie kwenye friji ndani ya saa 2. Kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, saa 1. Iliwe kesho yake.

Itatoka friji ikiwa imeganda kama kipande cha jibini. Ivunjevunje kwa uma, mimina nusu kikombe cha maji yanayochemka kwa kila kikombe cha pongal, funika dakika 5 bila kukoroga ili maji yaingie yenyewe, kisha weka moto mdogo na ugeuze mpaka katikati ichemke. Jira na pilipili za jana zitakuwa zimelainika; kaanga chache mpya kwenye kijiko cha samli na umwagie juu.